John Knox: Mhubiri aliyewapinga malkia kwa kalamu na mimbari

KATIKA majira ya kuchipua ya mwaka wa 1558, kijitabu kisichokuwa na jina la mwandishi kilichapishwa mjini Geneva na kuvushwa kisirisiri hadi Uingereza. Hoja yake ilikuwa moja: kwamba mwanamke hana idhini ya Mungu kushika hatamu za taifa lolote, na kwamba raia walio chini ya malkia hawafungwi na kiapo walichomlia.

Mwandishi alikuwa John Knox, kasisi wa Kiskoti aliyekuwa akiishi uhamishoni. Kijitabu chake alikiita Mlio wa Kwanza wa Tarumbeta Dhidi ya Utawala wa Kutisha wa Wanawake. Neno alilolitumia kwa utawala ndilo ambalo leo Waingereza hulitumia kwa kikosi cha jeshi, na kwa sababu hiyo wengi wasomao anwani hiyo siku hizi hudhani alikuwa akilaani jeshi la wanawake. Sivyo. Alikuwa akiwalaani wanawake wachache mno, wote wakiwa wamevaa taji au kukalia kiti cha enzi kwa niaba ya wengine.

Knox alizaliwa Haddington, mashariki mwa Edinburgh, yapata mwaka wa 1514. Familia yake haikuwa ya ukoo mkubwa. Mama yake alitoka katika jamii ya kina Sinclair, na baadaye mwanawe alipokuwa akiandamwa na maadui alizoea kutia sahihi barua zake kwa jina hilo la mamake ili asitambuliwe.

Alipewa daraja ya upadri mwaka wa 1536, akafanya kazi ya kuandika hati za kisheria, kisha akawa mwalimu wa watoto wa mabwanyenye wawili walioelekea upande wa Mageuzi ya Kanisa. Hapo ndipo alipokutana na George Wishart, mhubiri wa Kiprotestanti aliyekuwa akizunguka nchini. Knox alimfuata akiwa amebeba upanga mkubwa wa kushikwa kwa mikono miwili, kama mlinzi wake. Usiku ambao Wishart alikamatwa, alimwamuru Knox arudi kwa wanafunzi wake, akimweleza kuwa mtu mmoja alitosha kwa kafara. Wishart alichomwa moto St Andrews mnamo Machi 1, 1546.

Miezi mitatu haikuisha kabla ya wafuasi wake kuivamia ngome ya Kadinali David Beaton, aliyekuwa ameidhinisha hukumu hiyo, na kumuua. Knox hakuwa miongoni mwa wauaji. Aliingia ngomeni mwaka uliofuata akiwa na wanafunzi wake, na humo ndimo alimoitwa hadharani kuwa mhubiri. Inasimuliwa kuwa aliposikia wito huo alibubujikwa na machozi, akajifungia chumbani.

Mahubiri yake ya kwanza hayakudumu. Merikebu za Ufaransa ziliishambulia ngome hiyo, nayo ikasalimu amri mwishoni mwa Julai 1547. Knox alifungwa minyororo na kutiwa katika merikebu ya makasia, akavuta kasia kwa miezi 19. Aliachiliwa mapema mwaka wa 1549, afya yake ikiwa imeharibika kwa maisha yote.

Alikimbilia Uingereza, ambako mfalme kijana Edward VI na washauri wake walikuwa wakiligeuza kanisa kuwa la Kiprotestanti. Alihubiri Berwick na Newcastle, akateuliwa kuwa mmoja wa makasisi wa mfalme, na akakataa uaskofu wa Rochester alipopendekezewa. Mjini Berwick alifahamiana na Elizabeth Bowes, mke wa ofisa wa kijeshi na mama wa watoto wengi, aliyekuwa akisumbuliwa na mashaka ya imani. Barua nyingi za Knox zilizosalia alimwandikia mama huyo. Baadaye alimwoa bintiye Marjory, licha ya pingamizi la baba mkwe.

Edward alikufa Julai 1553 akiwa na umri wa miaka 15. Jaribio la kumtawaza Lady Jane Grey, Mprotestanti, lilidumu siku chache tu. Kiti cha enzi kikamwendea Mary Tudor, Mkatoliki wa dhati, aliyeazimia kuirudisha nchi chini ya Papa. Chini ya utawala wake Waprotestanti takriban 280 walichomwa moto, wakiwemo Askofu Mkuu Thomas Cranmer na maaskofu Hugh Latimer na Nicholas Ridley.

Knox alitoroka mapema mwaka wa 1554, akaingia Ufaransa na kisha Uswisi. Alikuwa na maswali mazito, na aliyapeleka kwa wanateolojia wawili waliosikizwa sana na Waprotestanti wa Ulaya wakati huo, John Calvin wa Geneva na Heinrich Bullinger wa Zurich. Je, mwanamke anaweza kutawala kwa haki ya Mungu? Na je, raia wacha Mungu wanaruhusiwa kumpinga mtawala anayeabudu sanamu?

Majibu waliyompa yanafaa kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo yanayoonyesha jinsi Wakristo wa karne hiyo walivyogawanyika hata ndani ya kambi moja. Hakuna kati ya hao wawili aliyekuwa mtetezi wa wanawake. Calvin aliuona utawala wa mwanamke kuwa mkengeuko kutoka kwa utaratibu wa asili, jambo la kuhesabiwa pamoja na adhabu zilizotokana na anguko la binadamu, kama utumwa. Hata hivyo, alikumbusha kuwa Mungu mwenyewe aliwahi kuwainua Debora na nabii Hulda, na kwamba Isaya alitabiri malkia wangekuwa walezi wa kanisa. Pale ambapo sheria na desturi za nchi zimempa mwanamke taji, alisema, si kazi ya mtu binafsi kumvua.

Bullinger alijibu kwa tahadhari iyo hiyo. Sheria ya Mungu inamweka mwanamke chini ya uongozi wa mwanamume, lakini iwapo sheria za taifa zinamkubali, mcha Mungu asijitie hatarini kwa kuzipinga. Mungu atawashughulikia watawala waovu kwa wakati wake.

Knox hakuridhika. Alikwenda Frankfurt kuchunga kanisa la wakimbizi wa Kiingereza, akagombana na wenzake kuhusu kitabu cha ibada na akafukuzwa mjini Machi 1555. Mwaka huo alirejea Scotland kwa siri, akahubiri katika nyumba za watu na kuona kuwa mbegu ya Mageuzi ilikuwa imeota.

Nchi hiyo pia ilikuwa mikononi mwa mwanamke. Mary wa Guise, Mfaransa na mjane wa Mfalme James V, alikuwa akitawala tangu 1554 kwa niaba ya bintiye Mary Stuart, aliyekuwa akilelewa katika jumba la kifalme la Ufaransa. Mwaka wa 1556 Knox alimwandikia barua ya upole, kwa kiwango chake, akimsihi aruhusu mafundisho mapya. Mjane huyo alimkabidhi askofu mkuu wa Glasgow barua ile kwa mzaha, kana kwamba ni kikaratasi cha kuchekesha watu. Habari hizo zilimfikia Knox naye hakuzisahau.

Kufikia 1558, basi, alikuwa na hasira na malkia wawili waliokuwa wakizitawala nchi zake mbili, ya kuzaliwa na ya kulelewa. Tarumbeta ilitoka katika hasira hiyo, ingawa aliijenga kwa vifaa vya msomi. Alianza na Aristotle na sheria za Warumi, waliowazuia wanawake kushika ofisi za umma. Akaendelea na kitabu cha Mwanzo, kuhusu Hawa kuwekwa chini ya mumewe, na nyaraka za Paulo kwa Timotheo na Wakorintho, zinazomzuia mwanamke kufundisha na kumtawala mwanamume kanisani. Juu yake akapanga mababa wa kanisa: Tertullian, Augustine, Ambrose na Chrysostom.

Pingamizi alilijua na alilikabili mwenyewe. Ikiwa mwanamke hawezi kutawala, mbona Debora aliiamua Israeli? Knox alijibu kuwa Debora alikuwa kipekee cha Mungu, naye Mungu hafungwi na sheria alizowawekea wanadamu. Aidha, alidai, Debora alitawala kwa neno la unabii wala si kwa upanga na taji. Mfano aliouona kuwafaa malkia wa siku zake ulikuwa Yezebeli, na Athalia, aliyetwaa kiti cha enzi cha Yuda akaja kuuawa kwa amri ya kuhani.

Kusema wanawake hawakuumbwa kutawala hakukuwa jambo geni wakati huo. Wanaume wengi wa zama hizo, Wakatoliki na Waprotestanti, wangeitikia kwa vichwa. Kilichowashtua ni hatua ya mwisho ya hoja, aliposema kuwa kiapo cha utii kwa malkia ni dhambi na kwamba watukufu na raia wana wajibu wa kumwondoa. Huo haukuwa ufafanuzi wa Maandiko tu bali mwito wa uasi. Mwenzake mjini Geneva, Christopher Goodman, alichapisha kitabu chenye mwelekeo uo huo mwaka huo huo.

Wakati mbaya zaidi wa kuchapisha haungepatikana. Mary Tudor alifariki mnamo Novemba 17, 1558, na mrithi wake alikuwa dada yake Elizabeth, mwanamke mwenye umri wa miaka 25 ambaye Waprotestanti walikuwa wakimtarajia kwa hamu. Wakimbizi walifungasha mizigo yao na kurejea London wakishangilia. Knox aliomba ruhusa ya kupita Uingereza akielekea kwao, akanyimwa.

Geneva nzima ilitiwa doa. Calvin alipomtumia malkia mpya ufafanuzi wake wa kitabu cha Isaya, zawadi hiyo ilipokelewa kwa ubaridi, naye akalazimika kumwandikia waziri William Cecil kueleza kuwa kijitabu cha Knox kilitoka bila yeye kujua. Mwingereza John Aylmer, aliyewahi kuwa mwalimu wa Lady Jane Grey na ambaye baadaye alikuwa askofu wa London, alichapisha jibu mwaka wa 1559.

Hoja ya Aylmer ingali na uzito. Mke, alisema, yu chini ya mumewe katika mambo ya ndoa, lakini katika ofisi ya hakimu anaweza kuwa juu yake, kwa kuwa ofisi na ndoa ni vitu viwili tofauti. Tena Uingereza haitawaliwi kwa matakwa ya mtu mmoja. Kuna sheria, kuna mahakama, kuna bunge. Utetezi wake, kweli, haukuwa na heshima nyingi kwa jinsia ya kike, maana ulidokeza kuwa mwanamke anaweza kuvumiliwa kitini kwa sababu hana nafasi ya kuharibu mengi. Miaka 10 baadaye, Askofu John Leslie wa Ross, Mkatoliki, naye alitetea haki ya mwanamke kutawala, kwa ajili ya Mary Stuart. Mara nyingi mtu alikubali au kukataa malkia kutegemea kanisa alilosali malkia huyo.

Hata wabunge wa Kiingereza waliomkubali Elizabeth walionekana kuwa na wasiwasi. Mwaka wa 1559 walimpa cheo cha Gavana Mkuu wa Kanisa, badala ya kile cha Kichwa Kikuu alichokuwa nacho babake, Henry VIII.

Knox alijaribu kupatana naye. Katika barua ya Julai 1559 alimweleza Elizabeth kuwa anaweza kumtambua kama Debora mpya, mradi akiri kuwa taji amelipata kwa rehema ya pekee ya Mungu wala si kwa haki ya kuzaliwa wala kwa sheria za nchi. Mtu angeshindwa kubuni njia mbaya zaidi ya kumwomba radhi binti wa Anne Boleyn, ambaye uhalali wa kuzaliwa kwake ulikuwa umepingwa tangu utotoni.

Na bado alimhitaji. Knox alikuwa amewasili Leith Mei 2, 1559. Siku chache baadaye alihubiri Perth, na umati uliomsikiza ukabomoa sanamu na kupora nyumba za watawa. Vita vikazuka kati ya watukufu wa Kiprotestanti na Mary wa Guise, aliyeungwa mkono na wanajeshi wa Ufaransa, na Waprotestanti walikuwa wakishindwa. Kilichowaokoa ni manowari na askari waliotumwa na Elizabeth mapema mwaka wa 1560. Mageuzi ya Scotland, ambayo Knox anakumbukwa kwayo, yalisimama kwa nguvu za serikali ya mwanamke.

Mary wa Guise alifariki Juni mwaka huo, na mnamo Agosti bunge lilifuta mamlaka ya Papa na kupiga marufuku Misa. Ungamo la imani lililopitishwa lilitayarishwa na watu sita, wote wakiitwa John, katika siku nne. Mpango walioandaa kwa ajili ya kanisa ulitaka kila parokia iwe na shule na maskini watunzwe, ingawa watukufu waliokwisha kutia mkononi mali ya kanisa la kale hawakuwa tayari kuigharamia.

Marjory aliaga dunia mwishoni mwa 1560, akimwachia Knox wavulana wawili wadogo. Miezi minane baadaye, Agosti 19, 1561, Mary Stuart alishuka merikebuni Leith katika ukungu mzito. Alikuwa mjane wa mfalme wa Ufaransa, Mkatoliki, na hakuwa ametimiza miaka 19.

Jumapili ya kwanza aliadhimisha Misa katika kanisa dogo la jumba la Holyrood. Jumapili iliyofuata Knox alinguruma katika kanisa la St Giles kwamba Misa moja ilimtisha kuliko maelfu ya wanajeshi wa adui. Malkia akamwita.

Mazungumzo yao yanajulikana kwa sababu Knox mwenyewe aliyaandika katika historia yake ya Mageuzi, na msomaji hana budi kukumbuka kuwa anasikia upande mmoja tu. Mary alimshtaki kwa kuandika kitabu dhidi ya mamlaka yake. Knox alijibu kuwa kitabu kilimlenga Mary mwingine, yule wa Uingereza, na kwamba ikiwa nchi haikuona hasara kutawaliwa na mwanamke, yeye angeishi chini yake kama Paulo alivyoishi chini ya Nero. Malkia aliuliza iwapo raia wanaweza kuwapinga watawala wao. Knox akampa mfano wa baba aliyeshikwa na wazimu akataka kuwaua watoto wake: je, watoto hawatamnyang'anya upanga na kumfunga mikono? Mary, anasimulia, alikaa kimya kwa muda mrefu.

Walikutana tena mara kadhaa. Mkutano mkali zaidi ulikuwa wa Juni 1563, baada ya Knox kuhubiri dhidi ya mipango ya malkia kuolewa na mwana wa mfalme wa Uhispania. Mary alilia kwa uchungu, akitaka kujua ndoa yake inamhusu nini mtu huyo. Knox alimwambia kuwa hafurahii machozi ya mtu yeyote, hata ya wanawe anapowachapa, ila heri machozi hayo kuliko yeye kunyamaza na kuisaliti nchi. Desemba mwaka huo alishtakiwa kwa uhaini mbele ya baraza la malkia kwa kuwaita Waprotestanti wakusanyike, na baraza likamwachilia.

Mnamo Machi 1564 aliwapa mahasimu wake cha kusema alipomwoa Margaret Stewart, binti wa miaka 17 aliyekuwa wa ukoo wa mbali wa malkia. Knox alikuwa na umri wa miaka 50. Mary alighadhabika.

Anguko la malkia halikuletwa na tarumbeta. Alimwoa binamu yake Lord Darnley mwaka wa 1565. Darnley akashiriki katika mauaji ya karani wa malkia, David Rizzio, naye akauawa Februari 1567. Mary alipoolewa miezi mitatu baadaye na Bothwell, mshukiwa mkuu wa mauaji hayo, watukufu waliasi, wakamfunga katika kisiwa cha Lochleven na kumlazimisha kuachia taji. Knox alihubiri Stirling siku mwanawe, James VI, alipotawazwa akiwa na umri wa miezi 13, na alitaka mamake anyongwe. Mary alikimbilia Uingereza mwaka wa 1568. Elizabeth alimzuilia kwa miaka 19 kabla ya kukatwa kichwa mwaka wa 1587, malkia kwa sahihi ya malkia.

Knox alipatwa na kiharusi mwaka wa 1570. Aliendelea kuhubiri akishikiliwa kupanda mimbarini, sauti ikiwa imekwisha. Alifariki Edinburgh mnamo Novemba 24, 1572, akisomewa Biblia na mkewe Margaret. Alizikwa kando ya St Giles, mahali ambapo siku hizi huegeshwa magari. Milio miwili ya tarumbeta aliyokuwa ameahidi baada ya ule wa kwanza haikutoka kamwe.

Aliacha mabinti watatu. Mmoja wao, Elizabeth, aliolewa na mhubiri John Welsh, aliyefukuzwa nchini kwa kukaidi mamlaka ya mfalme juu ya kanisa. Mumewe alipokuwa mgonjwa mahututi mjini London mwaka wa 1622, inasimuliwa kuwa mama huyo alikwenda kwa Mfalme James, yule mtoto wa Stirling, kuomba aruhusiwe kumrudisha nyumbani. Mfalme alikubali kwa sharti kuwa Welsh awatii maaskofu. Binti wa Knox aliinua aproni yake mbele ya mfalme, akamwambia afadhali kukipokea humo kichwa cha mumewe kilichokatwa.

Kanisa aliloliasisi Knox lilileta wamishonari Kikuyu mwaka wa 1898, na eneo la Thogoto lilipata jina lake kutokana na Waskoti hao. Huko Scotland lenyewe liliruhusu wanawake kuwa wazee wa kanisa mwaka wa 1966 na wachungaji mwaka wa 1968. Kanisa la Kipresbiteri la Afrika Mashariki, PCEA, lilimweka wakfu mchungaji wake wa kwanza mwanamke, Nyambura Njoroge, mwaka wa 1982. Mwaka wa 2004 Alison Elliot alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Mkutano Mkuu wa Kanisa la Scotland, unaofanyika Edinburgh katika ukumbi ambao uani mwake imesimama sanamu ya Knox, mkono ameuinua.